Kila Boti Ina Mwenyewe

Boti ninayotaka tuiongelee leo si ile ya kukuvusha kutoka Mokowe hadi Lamu. Hii haina injini, wala nahodha wake humuoni. Ni programu ya kompyuta inayokaa ndani ya Telegram, WhatsApp au Messenger. Inakusalimu, inakuuliza swali, unaijibu, nayo inaendeleza gumzo kana kwamba kuna mtu upande wa pili. Kama umewahi kuuliza salio, kukata tikiti au kufuatilia matokeo ya mpira kwa njia ya ujumbe, huenda umeshaongea na boti mara nyingi bila kujua jina lake.

Watu wakisikia umesomea kompyuta hudhani unajua kila kitu, kuanzia printa iliyokwama hadi setelaiti. Ndiyo maana naulizwa sana swali hili: "Hii boti ni salama?" Jibu fupi ni kwamba sijui mpaka nijue ni ya nani. Jibu refu liko kwenye historia, na historia ya boti ni tamu kuliko wengi wanavyodhani. Ukiifuata tangu mwaka 1966 utaona jambo moja likijirudia. Boti haina wema wake wala ubaya wake. Ina mwenyewe. Mwenyewe akiwa mlinzi, boti inalinda. Akiwa mwizi, boti ileile inaiba. Haya, tuanze mwanzo.

Mashine iliyojua kusikiliza

Joseph Weizenbaum alizaliwa Berlin na kuhamia Marekani na familia yake mwaka 1936, wakiwakimbia Wanazi. Kati ya 1964 na 1966, akifundisha chuo cha MIT, aliandika programu aliyoiita ELIZA, jina alilolitoa kwenye tamthilia ya Pygmalion ya George Bernard Shaw. Januari 1966 alichapisha maelezo yake katika jarida la Communications of the ACM.

Sehemu ya ELIZA iliyopata umaarufu iliitwa DOCTOR, nayo iliigiza daktari wa nafsi. Ujanja wake ulikuwa mwepesi sana. Programu inatafuta neno kuu katika sentensi yako, inageuza "yangu" kuwa "yako", kisha inakurudishia kama swali. Ukiandika "mama yangu hanielewi", inakuuliza habari za familia yako. Isipoona neno lolote inalolijua, inakuomba uendelee tu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza leo anaweza kuandika kitu kama hicho wikendi moja. ELIZA haikuelewa chochote.

Kilichomshtua Weizenbaum si mashine bali watu. Katika kitabu chake cha 1976, Computer Power and Human Reason, anasimulia habari za karani wake. Mama huyo alikuwa amemwona akiiandika programu ile kwa miezi, kwa hiyo alijua fika ni programu tu. Lakini alipoanza kuongea nayo, baada ya maneno machache alimwomba Weizenbaum atoke chumbani, awaachie faragha.

Kuna kisa cha pili katika kitabu hichohicho ambacho watu hawakitaji sana, na kwetu sisi ndicho muhimu zaidi. Weizenbaum alipendekeza mazungumzo yote na ELIZA yahifadhiwe ili ayapitie baadaye. Watu wakamjia juu, wakamwambia anataka kupeleleza mawazo yao ya ndani kabisa. Fikiria hilo kidogo. Walikuwa wakiandika kwenye kompyuta ya chuo, ndani ya programu yake mwenyewe, na hawakuwa wamewaza kwamba mwenye programu anaweza kusoma. Gumzo lilikuwa limewasahaulisha kwamba kuna mwenyewe. Mtego wote wa boti, tangu siku ile hadi leo, uko hapo.

Mlinzi wa usiku anageuka mwizi

Tusogee mbele miaka ishirini na ushee. Agosti 1988, katika Chuo Kikuu cha Oulu nchini Ufini, Jarkko Oikarinen aliandika IRC, mfumo wa gumzo la makundi kwenye intaneti. Kila kundi liliitwa chaneli. Chaneli hizo zilikuwa na tatizo moja: msimamizi akizima kompyuta yake akaenda kulala, wahuni waliweza kuingia, wakanyakua usimamizi na kuwafukuza wenyeji.

Dawa ikawa kuweka programu isiyolala. Inakaa ndani ya chaneli usiku kucha, inashikilia usimamizi, inawatambua wenyeji na kuwatoa wakorofi. Iliyovuma zaidi ni Eggdrop, iliyoandikwa na Robey Pointer mwezi Desemba 1993. Eggdrop kadhaa ziliweza kuunganishwa ili zisaidiane, moja ikiangushwa nyingine zishike lindo. Muungano huo uliitwa mtandao wa boti, na wakati huo jina hilo halikuwa na ubaya wowote. Lilikuwa kama kusema "kampuni ya walinzi".

Wahalifu wakautazama mpango huo wakaupenda. Programu inayokaa kimya mtandaoni ikisubiri amri kutoka kwa bwana wake, ya nini kuitumia kulinda tu? Kufikia miaka ya mwanzo ya 2000 kulikuwa na programu kama SDBot na Agobot zilizojipenyeza kwenye kompyuta za Windows za watu wasio na habari. Kompyuta iliyoambukizwa iliingia kimyakimya kwenye chaneli ya IRC na kusubiri. Bwana akiandika amri moja, maelfu ya kompyuta yanatii: tumeni barua taka, shambulieni tovuti fulani, pakueni matangazo haya.

Mmoja wa mabwana hao, Jeanson James Ancheta, alikuwa kijana wa miaka 20 kutoka California. Alikamatwa Novemba 2005, na Mei 2006 akahukumiwa kifungo cha miezi 57. Kesi yake ilieleza kwamba kompyuta zilizokuwa chini yake zilifika takriban 400,000, na kazi yote aliiendesha kupitia chaneli za IRC. Zana zilikuwa za ukoo mmoja na zile za mlinzi wa usiku. Aliyekuwa akitoa amri ndiye aliyebadilika.

Boti rafiki, na mnyoo unaojibu

Mwaka 2001, nikiwa bado sijajua hata kusoma, kampuni ya Marekani iitwayo ActiveBuddy ilileta SmarterChild kwenye AIM, programu ya gumzo iliyotamba sana kwao wakati ule. SmarterChild ilikupa hali ya hewa, matokeo ya michezo, bei za hisa na utani kidogo. Ukiitukana ilidai uombe msamaha. Mamilioni ya vijana waliiweka kwenye orodha ya marafiki zao, katikati ya majina ya wanadarasa wenzao. Mwaka 2006 Microsoft iliinunua kampuni hiyo, ambayo ilikuwa imebadili jina na kuwa Colloquis. AIM yenyewe ilifungwa tarehe 15 Desemba 2017.

SmarterChild ilikuwa boti ya heshima. Jina lake lilijulikana na kampuni yake ilijulikana. Lakini iliwazoesha watu kuongea na mashine katika dirisha lilelile wanaloongelea na ndugu na marafiki, na walaghai walifuata mkondo huo.

Desemba 2005 kampuni ya usalama ya IMlogic ilitoa onyo kuhusu mnyoo wa kompyuta uliokuwa ukisambaa ndani ya AIM. Minyoo ya gumzo haikuwa kitu kipya: akaunti ya rafiki yako inakutumia kiungo, unabofya, unaambukizwa. Jipya ni kwamba huu uliweza kujibu. Ukimuuliza rafiki yako kama amekutumia virusi, mnyoo wenyewe ulikujibu kwa lugha ya vijana kwamba hapana, usiogope. Kumuuliza aliyekutumia ndilo jaribio ambalo kila mtu aliliamini, na jaribio hilo lilivunjika siku ile.

Miaka miwili baadaye, Desemba 2007, kampuni ya PC Tools ilionya kuhusu programu ya Kirusi iliyoitwa CyberLover. Hii iliingia kwenye vyumba vya gumzo vya wapweke na kuwatongoza watu. Iliweza kuanzisha uhusiano na watu hadi kumi ndani ya dakika thelathini, na kazi yake ilikuwa kuwatoa majina, anwani na picha. ELIZA iliyosikiliza bila kuelewa ilikuwa imepata mrithi aliyesikiliza ili aibe.

Mlango unafunguliwa kwa kila mtu

Hadi hapo, kutengeneza boti ya gumzo kulihitaji ujuzi na subira. Telegram, iliyoanzishwa mwaka 2013, ilibadilisha mambo Juni 2015 ilipowafungulia rasmi watengenezaji wa boti. Facebook ikafuata kwa Messenger mwezi Aprili 2016, na WhatsApp ikazifungulia kampuni kubwa mfumo wake wa biashara Agosti 2018.

Nikueleze jinsi inavyofanyika kwa Telegram, kwa sababu ukiona jikoni utaacha kuogopa usichopaswa kuogopa, na utaanza kuogopa unachopaswa. Unafungua gumzo na boti inayoitwa BotFather. Unachagua jina la boti yako, na isipokuwa chache sana, anwani yake lazima iishie na "bot". Unapewa tokeni, yaani mfuatano mrefu wa tarakimu na herufi ambao ndio ufunguo wake. Dakika mbili umemaliza. Hakuna aliyekuuliza leseni ya biashara. Picha unaweka unayotaka, hata nembo ya benki. Maelezo unaandika unavyotaka, hata "huduma rasmi kwa wateja".

Kwa kawaida boti ya Telegram haiwezi kukuanza. Mpaka wewe ubofye kitufe cha kuanza, haiwezi kukuandikia. Ukiianza, inaona jina lako, jina lako la mtumiaji na namba yako ya utambulisho ndani ya Telegram. Namba yako ya simu haiioni mpaka uikubalie kwa kitufe maalumu. Kwa kawaida, ikiwa ndani ya kundi inaona amri zinazoelekezwa kwake na majibu anayopewa yenyewe tu. Lakini mwenyewe akizima kizuizi hicho, au msimamizi wa kundi akiipa boti usimamizi, inasoma kila neno mnaloandika.

Halafu kuna lile tokeni. Yeyote aliye nalo ndiye mwenye boti. Mtengenezaji akilisahau ndani ya msimbo aliouweka hadharani kwenye GitHub, anayeliokota anaweza kuiamuru boti ile, na wewe mtumiaji huoni tofauti yoyote. Jina ni lile, picha ni ile, gumzo lenu la zamani bado lipo. Boti uliyoiamini mwaka jana huenda leo ina bwana mwingine.

Niliwahi kuandika boti ndogo ya chama cha mtaani kwetu. Mwanachama anauliza michango yake imefika wapi, boti inasoma jedwali na kumjibu. Siku ya pili nilifungua kumbukumbu za seva kurekebisha hitilafu, nikakuta mama mmoja ameandika namba yake ya siri ya M-Pesa. Hakuna aliyemwomba. Gumzo lilitaja pesa, naye akadhani ndivyo inavyofanywa. Niliifuta na kumpigia simu aibadilishe siku hiyohiyo, akacheka akasema, "Kwani wewe unaona? Mimi nilikuwa naongea na hiyo kitu." Ndiyo mama, naona. Mwenye boti anaona kila unachoiandikia, kwa maandishi ya wazi. Gumzo na boti ya Telegram si gumzo la siri, kwani magumzo ya siri ya Telegram ni ya mtu na mtu tu. Hata WhatsApp, ambayo ujumbe wake umefungwa kwa msimbo njiani, ujumbe ukifika kwa kampuni unasomwa na kampuni hiyo, na wale inaowapa kazi ya kuuhudumia.

Boti zimefika nyumbani

Boti nyingi tunazokutana nazo ni za maana. Mwaka 2018 Safaricom ilimleta Zuri, boti ya huduma kwa wateja, ambaye watu walianza kumtumia badala ya kungoja simu ipokewe. Machi 2020 korona ilipobisha hodi, Shirika la Afya Duniani lilizindua boti ya WhatsApp ya kutoa habari sahihi wakati uvumi ulikuwa ukisambaa kuliko ugonjwa wenyewe. Sitaki mtu amalize kusoma hapa akadhani dawa ni kuzikimbia zote.

Lakini tazama upande wa pili wa miaka hiyohiyo.

Nchini Uingereza, kati ya Septemba 2019 na Machi 2021, kulikuwa na tovuti iliyoitwa OTP.Agency. Mhalifu alilipa ada ya kila wiki, kisha mfumo ulimpigia mlengwa simu yenyewe kwa sauti ya mashine, ukimwambia kuna jambo la kutilia shaka kwenye akaunti yake, na kumwomba ataje msimbo wa mara moja aliotumiwa na benki. Zaidi ya watu 12,500 walilengwa. Vijana watatu walioiendesha walikiri makosa mahakamani mwaka 2024. Sisi tunaowajua wale wa "kutoka Kamiti", wanaokupigia wakijifanya huduma kwa wateja, hatukuhitaji kuelezwa mchezo huu. Tofauti ni kwamba wa Kamiti huchoka sauti, boti haichoki.

Januari 2021 mtafiti Alon Gal alifichua boti ya Telegram iliyokuwa ikiuza namba za simu za watumiaji wa Facebook, kutoka kwenye hazina ya watu takriban milioni 533. Hawa hawakuwa wameongea na boti yoyote. Data yao ilichotwa kupitia udhaifu ambao Facebook iliuziba mwaka 2019, na boti ilikuwa duka tu la kuiuzia.

Agosti 2023 kampuni ya ESET ilieleza kuhusu Telekopye, boti ya Telegram inayowatumikia walaghai wenyewe. Mlaghai asiyejua kuandika hata mstari mmoja wa msimbo anabofya vitufe, na boti inamtengenezea ukurasa bandia wa malipo, barua pepe bandia, hata picha ya stakabadhi bandia.

Januari 2025 akaunti bandia kwenye X ziliwavuta watu hadi Telegram, na huko wakakutana na boti iliyojifanya Safeguard, ile inayotumika kuhakikisha wewe ni binadamu kabla ya kuingia kundini. Boti ilimwelekeza mtu afungue dirisha la amri la Windows, abandike maneno na kubofya. Maneno yenyewe yalikuwa yameshanakiliwa kwenye kompyuta yake bila yeye kujua, nayo yalipakua programu hasidi. Yaani mhanga alifungua mlango kwa mkono wake, akiamini anathibitisha ubinadamu.

Cha mwisho kinawahusu vijana wenzangu. Kuna boti za WhatsApp zisizo rasmi, zile za kukuonyesha ujumbe uliofutwa au kutazama status bila kuonekana. Nyingi hufanya kazi kwa kujiunganisha na akaunti yako kama kifaa cha pili. Unapewa msimbo, unauingiza kwenye WhatsApp yako, basi. Desemba 2025 kampuni ya Koi Security ilifichua maktaba ya msimbo iitwayo lotusbail, iliyojifanya zana ya kawaida ya kutengenezea boti kama hizo. Ilikuwa imepakuliwa zaidi ya mara 56,000. Ilifanya kazi iliyoahidi, na wakati huohuo ilinakili ujumbe na namba za watu, na kukiunganisha kifaa cha mshambuliaji na akaunti ya WhatsApp. Hata aliyeiondoa programu, kifaa kile kilibaki kimeunganishwa mpaka akitoe mwenyewe.

Lugha safi si kitambulisho tena

Zamani tuliwaambia wazazi wetu watazame lugha. Kiswahili kibovu, herufi kubwa ovyo, "Mpendwa mteja umeshida gari": huyo tapeli. Ushauri huo ulikuwa mzuri kwa wakati wake. Tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, na nyingine zikaifuata, yeyote anaweza kuipa boti yake Kiswahili sanifu, cha upole, chenye "shikamoo" na "pole sana". Na kwa upande mwingine, boti ya halali ya kampuni halali huenda ikakujibu kwa Kiswahili cha kuvunjika, kwa sababu aliyeiandika hakujali.

Basi kuuliza "hii inaongea kama mtu?" hakusaidii. Karani wa Weizenbaum alijua anaongea na mashine, na bado alimtoa mwenye mashine chumbani.

Maswali matatu kabla hujaandika neno

La kwanza: mwenyewe ni nani? Usianzie kwenye kisanduku cha kutafuta cha Telegram, kwani huko boti ya kweli na mapacha wake hukaa pamoja. Anzia kwenye tovuti ya kampuni au namba iliyo kwenye kadi yako ya benki, ufuate kiungo kutoka huko. Linganisha anwani herufi kwa herufi, maana "l" ndogo na "I" kubwa hufanana sana kwenye kioo cha simu. Alama ya buluu ya uthibitisho inakaa kando ya jina. Ikiwa imechorwa ndani ya picha, ni ya mchoraji. Na wingi wa watumiaji si ushahidi, kwani mtego mzuri hunasa wengi.

La pili: mmekutanaje? Kumbuka kwa kawaida boti ya Telegram haiwezi kukuanza. Anayejiita boti na kukuandikia wa kwanza, bila wewe kuwahi kumwanza, mara nyingi ni akaunti ya kawaida iliyovaa nguo za boti. Kwenye WhatsApp kampuni inaweza kukuanza ikiwa na namba yako, kwa hiyo huko rudi kwenye swali la kwanza. Ukiongezwa kwenye kundi usilolijua, ukaambiwa kuna kazi ya kupenda video na kulipwa, huo mchezo una hatua zake: unalipwa kidogo mara mbili tatu ili uamini, kisha unaombwa uweke "amana" ili upandishwe ngazi. Hiyo amana ndiyo iliyokuwa ikitafutwa tangu mwanzo.

La tatu: inataka nini kwangu? Hapa ndipo boti hujianika. Hizi hapa sababu za kufunga gumzo papo hapo, hata kama kila kitu kingine kinaonekana sawa:

- Inaomba PIN ya M-Pesa au ya benki. PIN unaiingiza kwenye menyu ya M-Pesa, programu rasmi ya benki au mashine ya ATM, si ndani ya gumzo.
- Inaomba msimbo wa tarakimu sita uliotumiwa kwa SMS. Msimbo huo ni wa kufungua akaunti yako, na anayeuomba ndiye anayejaribu kuifungua.
- Inakwambia uingize msimbo kwenye sehemu ya vifaa vilivyounganishwa vya WhatsApp. Huko ni kumkabidhi mtu nakala ya WhatsApp yako.
- Inaomba maneno 12 au 24 ya pochi yako ya sarafu za kidijitali.
- Inakutuma ubandike amri kwenye kompyuta, au usakinishe programu kutoka nje ya duka rasmi la simu yako.
- Inaomba picha ya kitambulisho pande zote mbili na picha yako ya uso, kwa jambo ambalo halihitaji hayo.
- Inakuhimiza: dakika tano zimebaki, akaunti itafungwa. Boti ya kweli ina muda wote duniani.

Kwa makundi ya chama, kanisa, msikiti au wazazi wa shule, nina ombi moja kwa wasimamizi. Kabla ya kuongeza boti, amueni pamoja inahitajika kwa kazi gani. Msiipe usimamizi kama kazi hiyo haiudai. Kazi ikiisha, itoeni. Boti iliyosahaulika kundini ni kama mgeni aliyebaki sebuleni baada ya harusi, na hakuna anayekumbuka alikuja na nani.

Ukishanaswa

Usione haya, na usipoteze muda ukibishana na boti. Kwenye WhatsApp, fungua mipangilio, uende kwenye vifaa vilivyounganishwa, uondoe kila usichokitambua, kisha uwashe uthibitisho wa hatua mbili. Kwenye Telegram, tazama orodha ya vifaa na ufunge vya kigeni, halafu iripoti boti na uisimamishe. Kuisimamisha kunaizuia kukuandikia, lakini hakufuti ulichokwisha kuiambia. Kwa hiyo kama ulitaja PIN au neno la siri, libadilishe kila mahali unapolitumia. Kama pesa zimeguswa, piga simu benki au kwa mtandao wako saa hiyohiyo. SMS za ulaghai kwenye Safaricom unazituma kwa 333 bila malipo. Kisha waambie watu wako, kwa sababu mwenye akaunti yako atawaandikia wao, kwa jina lako, akiomba "unitumie kidogo nitarudisha jioni".

Na kama boti ni ya kampuni halali ya hapa Kenya, una haki zako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuruhusu kuuliza ni data gani yako wanayo, wanaitumia vipi, na kudai irekebishwe au ifutwe. Kampuni ikikupuuza, unaweza kulalamika kwa Kamishna wa Data. Na ikiwa kampuni haiwezi hata kukwambia data yako iko wapi, huo peke yake ni ushahidi kuhusu mwenyewe.

Kabla hujaiweka simu chini, fungua hivyo vifaa vilivyounganishwa uvihesabu. Kisha mwonyeshe mama, mjomba, na mweka hazina wa chama chenu, mmoja baada ya mwingine, kwenye simu zao wenyewe. Inachukua dakika mbili, sawasawa na muda ambao tapeli anahitaji kutengeneza boti mpya.